Wana punda wa Thika na Ruiru: nani atawalea?

Sisi watu wa mwambao tukitajiwa Thika hukumbuka mananasi na viwanda, na tukitajiwa Ruiru hukumbuka kahawa na, siku hizi, msongamano wa magari yanayoingia Nairobi. Punda hatumtii katika hesabu hiyo. Punda kwetu ni wa Lamu, Pate, Siyu na Faza, mwenye khorji mgongoni na shogi la mchanga lililomwangukia mbavu zote mbili, apitaye vichochoroni huku mwenyewe akipaza sauti "Simile! Simile!" ili watu wampishe. Basi huenda baadhi yenu mkastaajabu nikiwaambia kwamba katika miji hiyo miwili ya bara punda ndiye apelekaye maji katika mitaa ambayo mfereji haujafika, na ndiye abebaye mchanga na mawe ya kujengea magorofa ambayo yeye mwenyewe hatapata hata kivuli chake.

Mpwa wangu ni fundi katika kiwanda kimoja cha Thika, nami humtembelea kila nipatapo nafasi. Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, njia za Makongeni na Kiandutu huwa zimejaa mikokoteni. Mitungi ya lita 20 imepangwa safu kwa safu, punda mmoja au wawili wamefungwa nira, na mchuuzi anakwenda nyumba hata nyumba. Aliyenivuta mimi si punda mwenye mzigo, bali ni yule asiye na mzigo: mwana punda wa miezi miwili mitatu, hana kamba wala hatamu, anamfuata mamake mbio mbio ubavuni mwa gurudumu. Mkokoteni ukisimama naye husimama akanyonya. Ukiondoka, titi humponyoka akaanza mbio upya. Kutwa nzima huenda masafa yale yale aendayo mamake, na hakuna amhesabiaye kazi hiyo.

Wenyewe humwita chotara. Punda wa Kenya, ukiwatazama kwa ujumla, ni wa namna mbili. Yuko punda wa Kimaasai, mdogo wa umbo, wa kijivu au kahawia, mvumilivu wa jua na ukame. Na yuko punda wa Kisomali, atokaye kaskazini, ambaye ni mrefu zaidi na ana nguvu zaidi. Wenye mikokoteni huwachanganya ili wapate kimo cha huyu na uvumilivu wa yule. Wazee wetu nao walikuwa na hesabu zao za nasaba: punda wa Maskati, mweupe, aliyeletwa kwa jahazi na kupandwa na wenye nafasi zao, na punda kiongwe, wa bara, aliyesifika kwa ukaidi hata jina lake likawa tusi. Sisi washairi tuna hatia yetu hapo, maana katika malumbano mtu akiishiwa na hoja hukimbilia kumwita mwenziwe punda, na beti ikakamilika kwa urahisi.

Ajabu ni kwamba Ruiru ni mji uijuao thamani ya chotara. Hapo ndipo penye kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa, mwaka 1985, mbegu iitwayo Ruiru 11, iliyozalishwa kwa kuchanganya kahawa za asili mbalimbali ili istahimili maradhi ya chulebuni na kutu ya majani. Mche huo una vitabu vyake, una wataalamu wake, na mkulima hununua mbegu yake kwa fedha. Mwana punda aliyechanganywa kwa akili za wachuuzi wenyewe, bila maabara, hana hata mtu wa kuandika siku aliyozaliwa.

Mambo yaliharibika mwaka 2016. Mwaka huo machinjio ya punda yalifunguliwa Mogotio na Naivasha, na baadaye yakafuata mengine Turkana na Machakos. Kilichotakiwa hasa ni ngozi. Ngozi ya punda huchemshwa ikatoka gundi iitwayo ejiao, ambayo Wachina wameitumia kwa karne nyingi kuwa ni dawa ya damu na ya kurudisha nguvu, na siku hizi hutiwa hata katika vitafunio na vipodozi. China yenyewe ilikuwa na punda kama milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakapungua hata hawafiki milioni 3. Wanunuzi wakaigeukia Afrika. Niger na Burkina Faso ziligutuka mapema, zikapiga marufuku kuuza punda nje mwaka ule ule wa 2016. Kenya ndiyo kwanza ilikuwa inafungua mlango.

Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilipiga hesabu: kuanzia Aprili 2016 hadi Desemba 2018, punda 301,977 walichinjwa katika machinjio yenye ruhusa. Hao ni zaidi ya asilimia 15 ya punda wote wa nchi hii, kwa muda usiofika miaka mitatu. Waliochinjwa vichakani usiku hawamo. Taasisi ikaonya kwamba mambo yakienda hivyo, kufika 2023 punda angekuwa amekwisha Kenya. Msomaji asidhani kwamba huko ni kutia chumvi. Punda si mbuzi. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima, aghalabu huzaa mmoja tu, na huyo mmoja, akiwa jike, naye hatashika mimba mpaka apate miaka miwili au mitatu. Mchinje jike mwenye mimba, umekata vizazi kwa pigo moja. Na wenye mimba walichinjwa, na wenye kunyonyesha walichinjwa, kwa sababu dalali alipakia lorini alichokipata.

Bei ilipanda maradufu na zaidi, na palipo na bei hapakosi mwizi. Mchuuzi mmoja wa maji wa Kiandutu, Mkikuyu wa makamo, alinieleza jinsi walivyolala miaka ile. "Mzee," aliniambia, "mke wangu upande huu, punda upande ule, mimi katikati na rungu." Alicheka aliposema hivyo. Jirani yake aliyekuwa akisikiliza hakucheka. Yeye aliamka asubuhi moja akakuta kamba imekatwa, na siku ya tatu akaitwa akaonyeshwa kichwa na kwato, karibu na mashimo wanakochimba mawe. Mwana punda wake wa wiki tano hakuibiwa. Aliachwa pale pale zizini, kwa maana hakuwa na nyama ya kupimwa wala ngozi ya maana. Na mtu aliyepoteza punda mwenye kuvuta mkokoteni hana tena fedha za maji ya kuuza, seuze maziwa ya kumlisha yatima.

Habari hizi zilipofika pwani zilipitia mlango wa nyama. Ilisemwa kwamba nyama ya punda inachanganywa na ya ng'ombe, na watu wakaogopa kula safarini. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Sote tuliopita chuoni tunajua tangu utotoni kwamba katika vita vya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, vyungu vilikuwa vinatokota nyama ya punda wa kufugwa, ikapigwa mbiu kwamba imeharamishwa, vikapinduliwa. Tunajua pia juu ya nyumbu, ambaye babake ni punda na mamake ni farasi. Katika madhehebu yetu ya Shafii farasi ni halali, lakini nyumbu haliwi, kwa sababu aliyezaliwa baina ya halali na haramu huvutwa upande wa haramu. Kwa hiyo hata chotara ana mlango wake katika vitabu vya fikihi.

Lakini mafunzo hayakuishia tumboni. Katika Surat an-Nahl farasi, nyumbu na punda wametajwa pamoja, na wametajwa kwa kupandwa na kwa pambo. Iko riwaya mashuhuri kwamba Mtume (S.A.W.) alipita akamwona punda aliyetiwa chapa ya moto usoni, akamlaani aliyefanya kitendo hicho. Yeye mwenyewe alikuwa na nyumbu aitwaye Duldul, aliyeletewa zawadi kutoka Misri. Waama, nimesikiliza hotuba kadhaa juu ya nyama ya punda. Juu ya punda mwenyewe, katika miaka yote hiyo ya kuchinjwa, sijasikia hata moja. Tuliuliza kilichoingia katika sahani zetu, aliyechinjwa hatukumuulizia.

Serikali ilisikia kilio cha wenye mikokoteni. Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji wa punda. Mei 2021 Mahakama Kuu ya Naivasha ikaitengua marufuku hiyo baada ya wenye machinjio kushtaki. Februari 2024, huko Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote kwa miaka 15. Haya ni maazimio makubwa na nayafurahia. Hata hivyo mwenye mkokoteni wa Ruiru hasomi maazimio ya Addis Ababa. Yeye humwona dalali ajaye jioni kwa pikipiki, asiyeuliza jina la mtu, akatoa bei, akasema atapita tena.

Ni huko Ruiru nilikokutana na watu wanaofanya jambo ambalo kwalo nimeandika makala haya. Nyuma ya mtaa uliokuwa zamani shamba la kahawa, na sasa magorofa yamelikaba pande zote, lipo zizi la mabati la mama mmoja mjane. Marehemu mumewe alikuwa na mikokoteni miwili. Wenziwe wote, hata wanaume wenye mvi, humwita Cucu, yaani bibi kwa Kikikuyu, nami nikafuata mwendo wao. Cucu na wachuuzi kama kumi na tano wana chama chao cha kuchanga fedha kila Jumamosi. Vyama vya namna hiyo bara vimejaa. Watu hununuliana sufuria, mabati, hata viwanja. Hawa wao hununua wana punda.

Utaratibu wao ni huu. Mwenye punda akibanwa na shida, akataka kumuuza mwana au jike na mwanawe, lazima akiambie chama kwanza kabla ya dalali. Chama humlipa kwa mafungu. Mwana punda haondolewi kwa mamake mpaka afikishe miezi sita. Kisha hupewa mwanachama asiye na mnyama, amlee mpaka umri wa kazi. Na akiwa jike, mzao wake wa kwanza hurudi kwa chama akapewa mwingine. Nilipousikia utaratibu huo nilikumbuka mapatano ya wafugaji wetu wa ng'ombe na mbuzi, ambapo mwenye mnyama na mlezi wake hugawana wazao. Hakuna jipya hapo ila kwamba amefanyiwa punda.

Nilimuuliza Cucu kwa nini wasiende kumkomboa mnyama kwa dalali mwenyewe, wakati amekwisha mfunga kamba na roho yake iko hatarini zaidi.

"Tulifanya hivyo mara mbili," akanijibu. "Ukimnunua kwa dalali umempa nauli ya kurudi. Juma lililofuata alituletea watatu, wote wadogo, akasema anajua sisi tuna huruma."

Jibu hilo nathubutu kusema lina maana kuliko mengi niliyoyasoma juu ya kuwaokoa wanyama. Mwingereza mmoja, Dorothy Brooke, alifika Cairo mwaka 1930 akawakuta farasi wa jeshi la Uingereza waliosalia baada ya Vita vya Kwanza, sasa wazee na wagonjwa, wakivuta mizigo mitaani. Alichangisha fedha akanunua maelfu yao, na wengi, kwa hali waliyokuwa nayo, hakuweza kuwafanyia ila kuwapumzisha kwa kifo kisicho na maumivu. Lakini mwaka 1934 alifungua hospitali ya kuwatibu bure wanyama wa maskini, wenyewe wakabaki nao wakafanya nao kazi. Wale farasi walikwisha, hospitali ikabaki, na shirika litokalo humo linafanya kazi hadi leo, hata hapa Kenya. Kumtoa mnyama mikononi mwa maskini ni jambo la siku moja. Kumsaidia maskini asimuuze ni jambo la kudumu.

Si wote wanaoafiki. Kijana mmoja pale zizini, mwenye jike la chotara na mwanawe wa miezi minne, alinikabili kwa adabu lakini bila ya kuficha. "Mzee wa Pwani, nyinyi mnamwonea huruma punda. Mimi nina mtoto wa kidato cha kwanza amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Dalali analipa leo, mkononi. Chama kinalipa kidogo kidogo." Sikuwa na neno la kumpinga. Cucu alikuwa nalo: alimwambia kwamba punda aliyelipa karo ya muhula mmoja kwa ngozi yake hatalipa ya muhula wa pili, na yule wa mkokoteni amekwisha lipa ya miaka minane. Kijana alinyamaza, lakini karo ilikuwa bado inadaiwa.

Kulea mwana punda aliyefiwa na mamake ni kazi ya kuchosha, nami naiandika kwa ajili ya wale ambao huruma itawapanda wakataka kuchukua mmoja. Katika saa chache za kwanza za maisha yake sharti apate dang'a, la mamake au la jike mwingine aliyezaa, kwani ndimo imo kinga yake. Maziwa ya ng'ombe matupu hayamfai. Yana mafuta mengi na utamu mchache kuliko ya punda, kwa hiyo huzimuliwa kwa maji na kutiwa glukosi kidogo, tena ni vyema kumuuliza daktari wa mifugo kipimo. Siku za mwanzo hunyweshwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Kitovu chake hupakwa dawa ya aidini, na huchanjwa pepopunda. Tazameni lugha yetu ilivyo: maradhi yanayomkaza mtu viungo hata akafa, tumeyapa jina la mnyama huyu, na mnyama mwenyewe ni katika wanaouawa nayo wasipochanjwa.

Kisha kuna subira. Asitiwe mzigo kabla ya miaka mitatu, na mzigo kamili usifike kabla ya minne, maana mifupa ya mgongo wake bado inakomaa. Dume lisilotakiwa kwa mbegu lihasiwe na mtaalamu, si kwa kisu cha jirani. Na akitunzwa vyema ataishi miaka 25, hata 30 na zaidi. Anayemchukua akiwa na umri wangu wa miaka hamsini na kitu na afikirie nani atamrithi.

Kwetu Lamu haya si mageni. Daktari Elisabeth Svendsen wa Uingereza, mwanzilishi wa Donkey Sanctuary, alifika kisiwani katika miaka ya 1980 akaona vidonda vya migongo na minyoo iliyokuwa ikiwamaliza punda wetu, na mwaka 1987 ikafunguliwa pale ufukoni hospitali na makao ya punda, matibabu bila malipo. Wale wazee na yatima hupewa hifadhi humo, nao wenye punda wakafundishwa juu ya dawa ya minyoo na khorji isiyokwaruza. Watu wa Lamu husema asiye na punda ni punda mwenyewe, na Mlamu akisema hivyo anacheka, lakini mnyama wake akiumwa anajua mlango wa kubisha. Thika na Ruiru, zenye mikokoteni yote ile, hazina mlango kama huo wa wazi kwa kila mtu. Daktari wa mifugo yupo, lakini huita ada, na ng'ombe wa maziwa ndiye atanguliaye.

Nitaje na chotara mwingine, ambaye huenda mmemsikia. Mwaka 2019 pundamilia jike alitoka mbuga ya Tsavo Mashariki akakaa na ng'ombe wa wanakijiji, mpaka akahamishwa kupelekwa Chyulu. Mapema mwaka 2020 akaonekana na mwana wa ajabu: mwili wa rangi ya hudhurungi kama punda, miguu yenye milia. Alikuwa amebeba mimba ya punda wa kijijini. Picha zake zilizunguka dunia nzima, na walinzi wa wanyama pori wakawa wanamtazama. Sina kinyongo naye. Lakini yule wa milia hawezi kuzaa, kama nyumbu asivyozaa, na nasaba yake inakwisha kwake. Hawa wa Ruiru wasio na milia watazaa, wakiachwa waishi. Na utafiti wa nasaba uliochapishwa 2022 umeonyesha kwamba punda wote wa dunia asili yao ni wale waliofugwa kwanza katika upande huu wetu wa Afrika, kama miaka 7,000 iliyopita.

Wapo wasomaji watakaoniuliza kama sadaka ya kumlea mwana punda inahesabiwa. Swali hilo nawaachia masheikh, ingawa sote twaijua hadithi ya mtu aliyeteka maji kwa kiatu akamnywesha mbwa. Ninachoweza kusema mimi ni habari ya fedha. Chama cha Cucu hakitaki watu waje na malori kuchukua wanyama. Kinataka watu wa kuongezea mafungu, ili mwenye shida alipwe upesi kabla ya yule wa pikipiki kurudi, na kinataka chanjo.

Juma hili mpwa wangu alinipigia simu. Chama kimemlipa yule kijana fungu la kwanza, na mtoto amerudi shule. Jike lingali linavuta maji na mwanawe yu ubavuni mwa gurudumu. Fungu la pili linatakiwa mwisho wa mwezi, na bado halijatimia nusu. Dalali ameonekana mara mbili.